Bwana Mbung'o na Barabara ya Msituni

Siku hizi wakimtaja husema alikuwa mzee mwema. Husema alikuwa na mtungi wa maji baridi, kwamba hakumbagua mpita njia yeyote, kwamba kazi yake aliifanya kama mtu anayesali. Mtungi ulikuwapo, na maji yake nimeyanywa mara nyingi. Lakini hao wanaomsifu hawajawahi kupanda mlima na baiskeli yenye matenga ya samaki, wala hawakunyang'anywa barabara. Mimi nilinyang'anywa, na yeye alikuwapo, na aliulizwa, na alijibu. Hasira yangu haijapoa mpaka leo na sioni sababu ya kuipuliza ipoe.

Tulimwita Bwana Mbung'o, kama vile mtu wa kilimo tulivyomwita Bwana Shamba na yule wa wanyama wa porini Bwana Nyama. Jina lake la nyumbani nalijua, lakini sitaliandika, maana ana wajukuu na wao hawajanikosea. Kazi yake ilikuwa kulinda kizuizi pale msitu wa milima ya upande wa Geita unapokwisha na mbuga za ng'ombe zinapoanza. Mbung'o ni inzi wa msituni mwenye kuuma kama sindano. Ng'ombe akiumwa naye hukonda mpaka akafa, na mtu huweza kupata malale. Inzi huyu ana tabia moja mbaya: hupenda kitu kinachokwenda. Akiona baiskeli inapita huifuata, hutua mgongoni mwa mwenyewe au hujibanza chini ya tandiko, akasafiri bure hadi kwenye mazizi ya watu. Kwa hiyo serikali iliweka mti kukingama barabara, kibanda cha nyasi, na mtu mmoja mwenye kofia na wavu wa mkono. Mtu huyo ndiye ninayemsema.

Sisi tulikuwa wachuuzi wa samaki wakavu. Tulinunua kwa wavuvi upande wa Geita, tukafunga matenga mawili nyuma ya baiskeli, tukavuka milima hadi vijiji vya Wasukuma upande wa Shinyanga, mpaka mnada wa Didia na kwingineko hadi karibu na reli. Kulikuwa na njia mbili tu. Moja ilikuwa ya mzunguko, inakwenda mbali upande wa machweo kupita Ushirombo, inashuka Kahama, halafu inarudi tena upande wetu: mawe matupu, jua tupu, na ukifika mnada umekwishavunjika, watu wamekwishanunua mboga nyingine. Ya pili ilikuwa barabara ya msituni. Aliyepita msituni alifika mapema, samaki wake wakiwa wazima na miguu yake ikiwa bado inamtii. Nyumba zetu zilisimama kwa sababu ya barabara hiyo. Ada za shule, mabati, mahari za wadogo zetu, vyote vilipita pale juu ya magurudumu.

Nayo ilikuwa barabara nzuri, acheni niseme. Ilianza kupanda mara tu unapoacha mashamba ya mihogo. Mlima wa kwanza tuliuita Vua Shati, kwa kuwa hakuna aliyefika kileleni akiwa bado amelivaa. Pale hupandi baiskeli, unaisukuma, kifua kimelala juu ya usukani na vidole vya miguu vinachimba udongo. Baada yake kuna bonde lenye kijito, miti imefungana juu mpaka unasikia baridi saa sita mchana. Mlima wa pili ni mrefu zaidi lakini mpole, udongo mwekundu ulioshikana, unaweza kuupanda wote umekaa ukijua namna ya kupumua. Kisha ndipo ule mteremko tulioupa jina la Asante. Unaacha pedeli zipumzike, upepo unaingia mikononi mwa shati, mininga na miyombo inapita pande zote mbili, na breki unazigusa kidogo kidogo zisije zikaungua mpira. Wengine walipunguza mwendo kwa kuburuza chini katambuga, viatu vyao vya matairi. Sijapata raha nyingine mwilini mwangu inayofanana na ile, na nimekula pilau za harusi nyingi.

Na mwisho wa raha hiyo, pale pale chini, ulikuwapo mti wa Bwana Mbung'o.

"Shuka. Simama. Geuka." Hakuwa na salamu kabla ya maneno hayo matatu. Ungeweza kumpa shikamoo ya heshima zote, angeiacha ikining'inia hewani mpaka amalize kazi, halafu ndipo aseme marahaba, wakati wewe umekwishasahau kwamba uliitoa. Alianza na mgongo, akiuzungukia polepole na wavu wake; hiyo aliiita kufagia. Akaja kwenye tandiko, akainama kuchungulia chini yake. Akaja kwenye madigadi, kwenye spoki, kwenye mnyororo, akavipigapiga kwa kijiti. Kisha matenga. Kamba uliyoifunga tangu alfajiri kwa akili zako zote, aliifungua. Samaki uliowapanga mmoja mmoja wasivunjike, aliwamwaga mkekani. Akimaliza alikuachia uwapange upya mwenyewe, yeye anakwenda kumsimamisha mwingine.

Akimkamata mbung'o hakumuua papo hapo. Alimshika mabawa kwa vidole viwili, akamleta mpaka mbele ya macho yako, akasema, "Huyu ni wako." Halafu alimkata kichwa kwa ukucha. Alilisema neno hilo kwa kila mtu na kwa kila inzi, kana kwamba sisi ndio tuliowazaa. Aliyekuja amevaa shati jeusi alipewa karipio zima, maana mbung'o hupenda rangi nyeusi, na alitulazimisha wote tushone kipande cha kitambaa cheupe mgongoni. Tukishuka Asante kwa mstari ungetudhani watawa. Tulimchukia, lakini ukweli ni kwamba tulimwelewa. Wengi wetu nyumbani tulikuwa na ng'ombe. Kaka yangu alikuwa na zizi lililojaa, na sikutaka niwe mimi wa kumpelekea kifo mgongoni kwangu. Ndiyo maana nilishuka, nikasimama, nikageuka, miaka yote hiyo.

Ili mjue ukali wake, nitawaambia siku aliyokuja mama mkwe wake.

Kwetu mama mkwe hasogelewi. Ukimwona anakuja njiani unaacha njia, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Sasa huyu mama alikuwa ametoka kuwatazama ndugu zake ng'ambo ya msitu, amepakiwa kwenye keria na mwanawe wa kiume, na wameshuka Asante pamoja nasi. Bwana Mbung'o alipoinua macho akamwona, alitupa wavu na kukimbilia ndani ya kibanda. Tukabaki tumesimama barabarani, mti umeshushwa, mlinzi amejificha.

"Bwana Mbung'o!" mwenzetu mmoja akaita. Huyu alikuwa mtu mzima aliyetangulia mstari wetu siku zote, tukamzoea kwa jina la Kiongozi. "Fungua basi mama apite!"

"Hapiti mtu bila kufagiwa," sauti ikatoka ndani ya nyasi.

"Basi toka umfagie."

"Nitamfagiaje mkwe wangu? Una wazimu?"

"Basi mwache apite!"

"Hapiti mtu bila kufagiwa."

Mawingu yalikuwa yanafunga upande wa milima, na samaki wakavu wakilowana wameharibika. Kiongozi akasema yeye atamfagia. Bwana Mbung'o akakataa, wavu wa serikali haushikwi na mchuuzi. Tukabembeleza, tukatukana, tukabembeleza tena. Mwishowe alikubali wavu ushikwe na yule kijana wa kiume wa mama, kwa kuwa mtoto anaweza kumfagia mamaye bila aibu. Lakini alimsimamia kupitia tundu la ukuta wa nyasi, na sisi tukimsikia: "Mgongo! Mgongo bado! Chini ya tandiko! Umeruka chini ya tandiko!" Yule mama alisimama amejishika khanga kifuani, uso mkavu. Kazi ilipokwisha akatugeukia sisi, maana kusema na mkwewe hakuweza.

"Mwambieni mkwe wangu," akasema, "kwamba mimi si ng'ombe."

Tulimwambia, ingawa alikwishasikia. Baadaye alipeleka mbuzi kwa wakweze kuomba radhi, na mbuzi akapokelewa, lakini mkewe hakumsemesha vizuri kwa muda mrefu. Sisi tulicheka kisa hiki katika kila mnada tuliokwenda. Leo sikicheki. Nakitaja ili ijulikane kwamba mtu huyu alikuwa tayari kuivunjia heshima nyumba aliyooa kuliko kumruhusu inzi mmoja apite. Hivyo ndivyo alivyotaka tumwone, nasi tukamwona hivyo.

Halafu kulikuwa na ule upande wake mwingine, ambao ndio unaowadanganya watu mpaka leo. Kazi ikishakwisha na wavu ukishatundikwa, aligeuka akawa mtu. Alitupa maji. Alituketisha kivulini na kuuliza habari za barabara. "Mlima umeamkaje leo?" Alitaka kujua kama daraja la magogo kwenye kijito linacheza, kama mti umeanguka, kama nyayo za simba zimeonekana, kama mvua imechimba mfereji kwenye kona ya juu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuvuka msitu ule hata mara moja, hakujua kuendesha baiskeli, lakini aliujua wote kwa midomo yetu. Na kila alichokisikia kwa wanaotoka alikitoa kwa wanaokwenda. "Kona ya juu shukeni, imeoza upande wa kushoto." Watu wameepuka kuvunjika shingo kwa maneno yake. Siku moja Kiongozi alishikwa na homa kule juu, tukafika bila yeye, na Bwana Mbung'o ndiye aliyechukua fimbo na kuingia msituni kwa miguu kumtafuta, akamrudisha amemwegemeza begani. Hilo nalo nililiona kwa macho yangu. Ningependa nisingeliona, ningekuwa na raha zaidi kumchukia.

Sasa malori.

Kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa na tenda ya magogo. Alikata miti mle mle msituni, na malori yake yaliteremka kwa barabara ile ile, turubai jeusi juu, mpaka kwenye barabara kubwa. Kwa ajili ya magari serikali ilikuwa imejenga pale kizuizini kitu walichokiita nyumba ya giza. Ni banda refu lenye milango pande mbili. Gari linaingia, milango inafungwa, ndani kunakuwa giza, na mbung'o wote wanaliacha gari na kufuata dirisha dogo lenye mwanga, ambapo wanakamatwa na wavu. Ni akili nzuri. Ningemsifu aliyeifikiria, lau ingetumika.

Nyumba ya giza ililala kuku wa Bwana Mbung'o. Walitaga mle, wakaatamia mle, na sakafu yake ilikuwa mavi matupu. Lori likisikika linashuka Asante, yule mzee aliyekuwa ananichungulia chini ya tandiko aliniacha nimeinama, akakimbia kuinua mti, akasimama wima mkono kwenye kofia, na lori likapita bila hata kupunguza mwendo. Vumbi likitua tunawaona mbung'o waliobaki nyuma, wale walioshindwa kujishikiza. Waliobahatika walikuwa juu ya turubai wanakwenda kwenye ng'ombe wetu.

Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili nilimuuliza.

"Na hao je?"

"Hao wana ruhusa," akasema, akirudi kwenye tandiko langu.

"Mbung'o wanajua kama dereva ana ruhusa?"

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Alimkuta mmoja kwenye kitambaa changu cheupe, akamleta mbele ya macho yangu. Huyu ni wako, akasema. Lori zima limepita, na mimi ninaonyeshwa inzi mmoja.

Ndipo ng'ombe wakaanza kufa. Walianza katika vijiji vilivyo karibu na kizuizi, kisha wakafa kuelekea huku kwetu, kwa kuifuata barabara, kijiji baada ya kijiji. Zizi la kaka yangu lilibaki na ndama wachache na fahali mmoja anayetembea kama mlevi. Msukuma asiye na ng'ombe hana pa kuficha uso wake, na wazee walitaka mtu wa kulaumiwa. Malori hawakuyafikiria, lori ni kitu cha wakubwa. Walitufikiria sisi. Tulikuwa tunapita milangoni kwao kila mara na matenga yetu yenye inzi wa kawaida, na nani angetenganisha inzi na inzi?

Baraza likaitishwa kwa mtemi. Alikuja afisa mmoja wa Kizungu, akaketi kitini karibu na mtemi, wazee wenye ng'ombe mbele, sisi wachuuzi nyuma na baiskeli zetu, na Bwana Mbung'o amesimama pembeni na kofia yake ameipiga pasi. Mzee mmoja akasema kabla ya baiskeli hizi ng'ombe wake walikuwa salama. Mwingine akasema barabara ya msituni ifungwe. Nikasimama. Sikupewa ruhusa, nilisimama tu.

"Mtemi, wazee wangu," nikasema, "ng'ombe wa kaka yangu nao wamekufa, kwa hiyo nami ni mwenye msiba hapa. Sisi tunapekuliwa mpaka kwenye spoki. Malori ya magogo hayapekuliwi. Yanapita mti ukiwa juu. Msiniamini mimi. Yule pale ndiye mwenye wavu, muulizeni."

Kiongozi naye akasimama akasema vilevile. Na wengine nyuma yetu. Sote tulisema. Yule afisa alitusikiliza, akaegemea kiti, akamgeukia Bwana Mbung'o, na baraza zima likageuka pamoja naye.

"Malori yanaingia nyumba ya giza?"

Nilimtazama mzee yule. Nilikumbuka mkwewe amesimama barabarani na khanga yake. Nilijiambia mtu kama huyu hawezi kusema uwongo juu ya mbung'o.

"Yanaingia yote, bwana," akasema.

"Na hawa wa baiskeli?"

"Ninawapekua, bwana. Lakini ni wajanja. Pengine wengine huzunguka porini."

"Na kuku wako wanalala wapi?" Kiongozi akapaza sauti. "Waambie kuku wako wanalala wapi!"

Watu wakacheka, askari wa mtemi akamkaripia, na huo ndio ukawa mwisho wa ushahidi wetu. Barabara ya msituni ikafungwa kwa baiskeli zote. Atakayekamatwa atanyang'anywa chombo chake. Malori yakaendelea kushuka.

Sasa nawauliza wenye akili. Baiskeli zimeondoka, na ng'ombe wakaendelea kufa. Je, hapakuwa na mtu hata mmoja, mtemi au afisa au mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, wa kujiuliza ni nani basi anayewaleta mbung'o? Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa kukubali kwamba wachuuzi wanaonuka samaki walisema kweli mbele ya watu. Heri ng'ombe wafe.

Tukaanza kuzunguka kwa Ushirombo na Kahama. Waliokuwa na nguvu walivumilia, wengine waliuza baiskeli wakaenda kubeba mawe migodini. Kiongozi alianguka kwenye mteremko wa mawe, mguu ukavunjika mahali pabaya, na tangu hapo alibaki mtu wa kukaa mlangoni kwake akisikiliza kengele za baiskeli za wenzake. Kila nilipopita kumjulia hali aliniuliza kama barabara imefunguliwa, nami nilimjibu bado, mpaka nikaanza kupita njia nyingine nisiulizwe. Hasira yangu haikuwa kwa tajiri wa magogo. Tajiri alifanya kama matajiri wafanyavyo. Haikuwa hata kwa yule afisa. Ilikuwa kwa mtu aliyetupa maji, aliyetujua sote kwa sura na kwa mlio wa minyororo yetu, aliyemwegemeza Kiongozi begani kutoka msituni, halafu akasimama mbele ya baraza akatuita wajanja.

Miaka ikapita. Serikali ikafyeka miti upande ule, kizuizi kikaondolewa, kibanda kikaliwa na mchwa. Bwana Mbung'o alipokonywa kofia na kuambiwa aende nyumbani. Kizuizi kiliondoka lakini amri ya kutufungia barabara hakuna aliyekumbuka kuiondoa, na askari wa mtemi waliendelea kunyang'anya baiskeli za watu kwa ugonjwa ambao hawakuujua tena jina.

Nilimkuta asubuhi moja kwenye barabara ya mzunguko, upande wa Ushirombo, katikati ya mlima wa mawe ambao hata vijana huulaani. Mwanzoni niliona mgongo tu, umejikunja juu ya usukani, na baiskeli yenye matenga mawili yaliyofungwa vibaya, moja limeinama. Haikuwa inakwenda mbele wala nyuma. Alikuwa ameishikilia tu isimvute chini. Nilipofika karibu akageuza uso.

"Shikamoo," nikasema. Mdomo wangu una adabu kuliko moyo wangu.

"Marahaba, baba," akajibu papo hapo. Halafu akanitambua. "Ni wewe."

"Ni mimi. Na wewe umeanza lini?"

"Masika yaliyopita. Nyumbani hakuna kitu, baba. Shamba dogo, na ng'ombe sijawahi kuwa nao."

Miongoni mwetu wachuuzi kuna jambo lisilo na mjadala. Mtu ukimkuta mlimani mzigo umemshinda, unalaza baiskeli yako kando, unasukuma ya kwake mpaka juu, kisha unarudi kuchukua ya kwako. Huulizi ni nani. Nililaza baiskeli yangu.

"Shika usukani," nikamwambia. "Nasukuma nyuma."

Tukapanda. Alihema vibaya, miguu yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mahali pamoja maisha yake yote. Mara mbili aliomba tupumzike na mara mbili nilikataa, kwa kuwa nilijua nikisimama nitamwacha pale pale. Nilisukuma kwa hasira tupu. Nadhani tuliupanda upesi kuliko nilivyowahi kuupanda peke yangu. Juu, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akakaa chini, akajifuta uso kwa kiganja.

"Sasa niambie," nikasema. "Kwa nini ulisema malori yanaingia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Atasema watoto. Atasema mshahara. Atasema tajiri alimpa kitu, na hapo ningemtemea mate nikaondoka nimepona.

"Aliniangalia," akasema.

"Nani?"

"Yule bwana. Aliponiuliza, aliniangalia. Nikaona jibu analolitaka. Nikampa."

"Alikutisha?"

"Hapana, baba. Aliniangalia tu."

"Tajiri alikupa chochote?"

"Hata mara moja hakuwahi kunisalimia."

"Basi ni hivyo tu? Kiongozi hatembei, watu wamepoteza nyumba zao, kwa sababu mtu alikuangalia?"

"Gete," akasema. "Kweli, ni hivyo tu."

Sikuwa na la kumfanya. Mtu aliyehongwa unaweza kumdai. Huyu alituuza bure.

Akaanza kusema haraka haraka, kama mtu aliyekuwa akiyarudia maneno yake njiani peke yake. "Lakini nimefikiri, baba. Tangu nimeanza kupanda milima hii nimefikiri sana. Njia hii inaua watu. Nitakwenda kwa mtemi. Nitasema yote mbele ya wazee, kwamba malori hayakuingia, kwamba mle ndani walilala kuku wangu, kwamba nyinyi hamkuzunguka porini. Nani mwingine aliyekuwapo pale? Mimi ndiye shahidi. Nikisema mimi, barabara itafunguliwa."

Uso wake ulikuwa umechangamka kweli. Alikuwa anajiona amekwishafika barazani, watu wameinuka, barabara imefunguliwa, na sisi sote tunashuka tena kule chini na vitambaa vyeupe migongoni. Mzee wa watu aliamini.

"Utakwenda ukiwa nani?" nikamuuliza.

"Nikiwa mimi."

"Siku ile ulikuwa na kofia ya serikali. Afisa mwenyewe alikugeukia akakuuliza, na neno lako moja lingetosha. Leo kofia huna, na mikono yako inanuka samaki kama yangu. Ukisimama barazani ukasema malori hayakupekuliwa, watakuona nani?"

Akaitazama mikono yake.

"Watamwona mchuuzi anayetaka kufunguliwa njia fupi," nikasema. "Na hayo, mzee, sisi wachuuzi tulishayasema."

Nikamwacha hapo juu, nikashuka kuchukua baiskeli yangu.